Mama Twende, Aliyetutia Moyo Huku Akitetemeka

Mchungaji, wazee wa kanisa, majirani, na nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kulia nasi, familia inawaomba mtulie msikilize maisha ya dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Twende.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi seremala na mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, na tangu utotoni alikuwa mwoga kupindukia, akiogopa radi, mbwa, hata mlango uliofungwa kwa kishindo, hivi kwamba marehemu baba alizoea kumtania kuwa iko siku kivuli chake mwenyewe kitamkimbiza mpaka sokoni.

Alisoma shule ya msingi ya misheni hadi mwaka 1966, akabatizwa akiwa darasa la tano, akajifunza ushonaji kwa shangazi, na mwaka 1970 akaajiriwa katika karakana ya sare za wauguzi, alikodumu hadi kustaafu. Tarehe 6 Oktoba 1973 alifunga ndoa na dereva wa lori, mtu wa sauti kubwa na moyo mweupe, wakajaliwa binti mmoja na wavulana wawili, kabla shemeji yetu hajatangulia kwa Bwana mwaka 1994.

Wengi wenu mnakumbuka mwaka 1998, watu tusiowajua walipolichoma moto kanisa letu, wakamchukua mwinjilisti, ambaye hajaonekana mpaka leo, wakatuachia onyo kwamba atakayeshikwa akisali atamfuata huko huko. Biblia zilifichwa chini ya magunia ya mkaa, tukawa tunasalimiana kwa macho, naye dada yetu akasukuma kabati nyuma ya mlango, akawa anaanua nguo zikiwa mbichi ili asikawie uani.

Aliposikia kwamba mshona viatu, kiongozi wa kwaya, amekata tamaa na anasema Mungu ametutupa, alikaa kitandani asubuhi nzima akijiambia haendi ng'o, kisha akajifunga kitambaa, akaenda akishikilia kuta. Binti yake, aliyemfuata, anasimulia kwamba mshona viatu alifungua mlango kidogo tu, akanong'ona, "Dada, umekuja kutuua?" naye akajibu, meno yakigongana, "Ndugu yangu, mimi naogopa kuliko wewe, ila kuogopa peke yangu kumenishinda. Nifungulie, tuogope pamoja mbele za Mungu." Wakasali kwa minong'ono, mshona viatu akilia kama mtoto. Toka hapo alikwenda kwa mke wa mwinjilisti, kisha nyumba kwa nyumba, neno lake likiwa moja tu, "Twende," mpaka jina hilo likamganda.

Jumapili tuliyorudi kwenye magofu ya kanisa, vijana wenye marungu walituzuia njiani, wakauliza tunakwenda wapi, ndipo ikasikika sauti yake nyembamba, "Kusali, mwanangu, na tunaogopa sana, tupishe." Rungu lilimvunja mkono wa kulia, akaanguka, akainuka akiwa ameukumbatia, akaendelea mbele, nasi, kwa aibu zaidi kuliko ushujaa, tukamfuata, wale vijana wakabaki wameduwaa. Mkono huo haukunyooka tena, na karakanani alihamishwa kutoka kukata vitambaa akawa anashona vifungo.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka juzi, akalazwa tarehe 2 mwezi huu, na alipoambiwa atapasuliwa, hofu ilimshika waziwazi, akamwambia binti yake, "Usiniambie nisiogope. Niimbie." Binti aliimba, mgonjwa wa kitanda cha pili akaitikia, na hivyo ndivyo alivyosukumwa kuingia chumba cha upasuaji, ambako hakuamka tena, akafariki Ijumaa mchana, tarehe 9.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani waliompikia uji kwa zamu, na wenzake wa karakana, walioishona sanda yake.

Ndugu, vitisho vimeanza tena, tunajua, na tunawaona mliosimama karibu na lango mkitazama barabara, hatuwalaumu. Tutampeleka makaburini kwa barabara kuu, mchana kweupe, tukiimba, na anayetetemeka amshike mkono aliye kando yake.

Dada yetu, zamu yako imekwisha, pumzika katika amani ya Kristo.