Sumaku ya Fundi Hamduni wa Iringo

Wasikilizaji wapendwa, mlioko Musoma mjini, Bunda, Butiama, na nyie wa Mwigobero mnaotusikiliza huku mnaanika dagaa, karibuni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka marehemu Hamduni Pazi, fundi bodi wa Iringo hapa Musoma, aliyefariki Jumanne iliyopita akiwa na miaka sitini na minane. Najua marehemu hasemwi vibaya. Lakini huyu mwenyewe alitaka asemwe, na leo tutamsema yeye pamoja na sisi.

Fundi Hamduni alikuwa bingwa wa mapaa ya magari, yale yanayofunguliwa kwa spana na kurudishwa. Kwa macho yote ni rangi tu. Yeye aligonga kwa ukucha akasikiliza. Alumini inaitika kwa sauti nyembamba, bati kwa sauti nzito. Faiba haiitiki, ukiichoma kwa sindano ya moto inanuka mpaka machozi yanatoka. Na mfukoni alikuwa na sumaku, saizi ya kipande cha sabuni. Ikinasa, hicho ni chuma. Ikianguka, ni alumini.

"Baba alikuwaga anagusa mara moja tu," anasema binti yake, Fatu. "Ukimwambia arudie, anakununia wiki nzima."

Mara moja tu. Shikeni hilo, wasikilizaji wapendwa.

Turudi mwaka 1984. Mnaukumbuka. Dukani hakuna sabuni, hakuna sufuria. Mtu akipata alumini anaiyeyusha, anamimina sufuria, na watu wanazigombania. Basi mapaa ya Landrova yakawa yanapotea mkoa mzima. Kule Bunda, chama kimoja cha ushirika wa pamba kilikuwa na Landrova, na dereva wake aliitwa Magige, mtu wa Butiama. Meneja wa chama, bwana Wenceslaus, akamshuku kwamba ameuza paa la alumini, akafunga la bati na kulipaka rangi ileile. Magige akakataa katakata. Ndipo akaitwa Fundi Hamduni kutoka Musoma aje aseme hilo paa ni la nini.

Alikuta watu wamejaa kama wako mnadani. Siku hiyo hakugonga kwa ukucha. Alitaka wote waone, kwa hiyo akatoa sumaku, akaibandika katikati ya paa. Ikanasa.

"Hili ni bati," akasema. Akanawa mikono, akaondoka.

Neno lake hilo lilitosha. Magige alifungwa miaka miwili. Baba yake mzazi akafa Magige akiwa gerezani, akazikwa bila yeye. Alitoka hana kazi wala jina, na watoto wake shuleni wakawa wanaitwa watoto wa mwizi wa paa. Sio Hamduni aliyewaita hivyo. Ni sisi.

Miaka minane ikapita. Mwaka 1992 ushirika ulikuwa umeshakufa, biashara ni ruksa, na magari ya kila namna yanashuka Musoma. Landrova ile ikapigwa mnada. Aliyeinunua ni Abdulkadiri, mfanyabiashara wa dagaa, na akaileta Iringo ivuliwe paa apate kupakia magunia. Hamduni akafungua nati, akalishusha, akaligeuza, akachana bitana ya ndani.

Akakuta kiraka, katikati ya paa. Kipande cha bati la pipa, mduara wa sahani, kimeshikwa kwa ribiti saba, moja imepinda. Alizijua ribiti zake. Ni yeye aliyekipiga mwaka 1979, gari lilipotoka vitani na tundu la paa, mwaka ambao aliziba magari mengi asiweze kuyahesabu. Kwa nje alijaza lami na rangi, asione mtu.

Akatoa sumaku. Penye kiraka ikanasa. Kando yake ikaanguka. Kule kwenye kona ikaanguka. Paa zima lilikuwa alumini. Lilikuwa paa lilelile la mwanzo.

"Alikaa chini kwenye oili," anasema Fatu. "Akaniambia, mwanangu, nimemfunga mtu kwa kiraka changu mwenyewe."

Aliliomba paa kwa Abdulkadiri, akalifunga juu ya basi, akaenda nalo Butiama. Mkewe Magige, mama Wankyo, alimkuta uani.

"Magige yuko?"

"Yupo. Wewe ndiye wa sumaku?"

"Ndiye mimi, mama. Nilikosea."

Magige akatoka, akaliangalia lile paa, hakuligusa. "Mzee, baba yangu nilizikiwa na watu," akasema. "Utanifufulia? Beba bati lako uende."

Hamduni akalibeba, akaenda kwa Wenceslaus, ambaye sasa ana duka lake. Akaambiwa hayo ni ya zamani, asiharibie watu siku. Basi siku za gulio Bunda akawa analisimamisha lile paa sokoni. Anabandika sumaku, inanasa. Anabandika kando, inaanguka. "Magige hakuiba. Mimi nilikosea." Magulio matatu. Watu wakamcheka, mmoja akamtupia maganda ya miwa. Mafundi wenzake wakamkasirikia, eti anawatia aibu. Nyie mliocheka mnajijua, na wengine nasikia mnalia kwa sauti kubwa kwenye msiba huu.

Tangu hapo kila paa alilipima mara tano.

Sasa sikilizeni ya msibani. Juzi, watu wamekaa kwenye mikeka Iringo, akaingia Magige. Mvi zimemjaa. Karani mmoja wa zamani wa ushirika akamnong'oneza jirani yake, na sauti ikapita: "Si yule mwizi wa paa?"

Fatu akasimama na sumaku mkononi, akalifuata lile paa lililoegemezwa ukutani. Magige akamzuia.

"Acha, mwanangu. Baba yako alishawaonyesha. Hawa ndio hawasikiagi."

Nilimfuata nje nikamuuliza kama alimsamehe marehemu.

"Hapana," akasema. "Andika hivyo, sikumsamehe. Lakini walionifunga walikuwa wengi, na aliyekuja mlangoni kwangu ni yeye peke yake."

Tunawapa pole Fatu na ukoo wote wa Pazi. Mungu ampumzishe fundi. Tunampa pole pia Magige, kwa baba yake aliyezikwa bila yeye. Pole hiyo imechelewa miaka mingi.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, redio huwa inarudia jambo muhimu ili lisikike. Magige wa Butiama hakuiba paa. Narudia: Magige hakuiba paa. Kama uliwahi kumwita mwizi, basi la Butiama linaondoka kila asubuhi.