Kikuku Kilichokataa Kuvulika

Shikamooni wazee wangu. Vijana wenzangu, asanteni kwa kutulia. Karatasi ya hotuba nimeiacha nyumbani makusudi. Ningekuja nayo, ningekuwa bado naisahihisha.

Mnanijua. Mtoto wa hapahapa Mazinde, mjukuu wa mkata mkonge, nikasomea lishe chuo kikuu. Kazi ya kwanza niliipata Korogwe, kwenye kliniki, kupima watu kwa mashine inayokadiria maji, misuli na mafuta mwilini. Inapitisha umeme mdogo ambao huwezi kuuhisi, kutoka mkononi hadi mguuni. Kila mtu nilimpima, nikampima tena. Labda mguu umegusa chuma cha kitanda? Labda ametoka kunywa chai? Foleni ikafika nje. Wenzangu wakanibatiza Rudia. Mkataba ulipoisha, haukuongezwa.

Ndugu zangu, nawaambia, nilirudi nikajifungia ndani. Nilianza kuogopa hata kuitikia salamu, nisije nikaitikia vibaya.

Baadaye nikapata kibarua na timu iliyopima wazee kwa wafugaji, Kwedizinga. Bibi mmoja tulimwomba avue vikuku vya shaba, maana kipimo kile hakitaki kitu cha metali mwilini. Vya mkononi vilitoka. Cha mguuni kiligoma.

"Yeyo, mama yetu, amenenepa," mkwewe akacheka. "Ni maziwa hayo. Si mvua imerudi?"

Tukampima hivyohivyo. Mashine ikampa misuli ya msichana.

"Bibi, ukishikana mieleka na huyu binti utamwangusha," kiongozi wetu akasema, akininyooshea kidole.

"Huyu? Huyu hata upepo unamwangusha."

Wote walicheka, nami nikabaki nawaza. Umeme hupita kwa urahisi penye maji. Misuli mashine haiioni. Inaona njia rahisi, halafu inakisia. Sasa maji yakijaa mahali pasipo pake, si itayahesabu kuwa misuli? Nikapiga magoti, nikambonyeza bibi mguuni kwa kidole gumba. Nilipotoa kidole, shimo likabaki.

"Twende, kijiji cha pili kinasubiri," kiongozi akasema. "Mashine imeshasema."

Nilijua nikifungua mdomo naweza kurudi nyumbani bila kazi, mara ya pili.

"Mashine inakisia, mzee. Naomba bibi apelekwe hospitali leo."

 Kiongozi akainama, akabonyeza mwenyewe. Akaenda kumfungulia bibi mlango wa gari.

Moyo wa bibi ulikuwa umechoka, maji yamemjaa. Alipewa dawa. Tuliporudi kumpima, ile misuli ilikuwa imeyeyuka, nasi tukatabasamu. Akatutazama kwa zamu.

"Nimekonda hivi, ninyi mnafurahia nini?"

Akainua mguu, kikuku kikateleza chenyewe hadi kwenye vidole.

Mama zangu wa kikundi hiki, siku zile nilizojifungia, nilijua chumvi haikuwa imewaishia. Mlikuwa mnanituma dukani ili nitoke ndani. Nawashukuru. Bila zile safari za chumvi nisingefika Kwedizinga. Na wewe kijana unayewaza mpaka kichwa kinauma, usiombe mashaka yakuondoke. Omba uthubutu wa kuyasema watu wakiwa bado wapo.

Kazi ninayo. Siku hizi kiongozi akiona jibu zuri mno, ananiita mbele ya wote: "Rudia, njoo utie shaka hapa." Jina nilimtajia mwenyewe. Nami naenda, kifua mbele.