Hakumtoa Mtu Kwenye Zamu Yake

Ndugu, majirani, wafanyakazi wenzake wa mizani, wachezaji wake, na ninyi wajumbe wa kamati ya klabu mlioketi safu ya pili, asanteni kwa kuja. Mimi ni mdogo wake marehemu. Tuliachiana ziwa, na kwa miaka hamsini na saba amenitangulia katika kila jambo, hata hili. Ratiba mlizoshika zimefifia wino, mtusamehe. Kamati ilijitolea kutuchapishia zilizo nzuri, zenye picha ya rangi, mradi tuweke humo sentensi moja waliyotuandikia wao. Sentensi hiyo ilisema kwamba Desemba mwaka jana marehemu "aliamua kupumzika ukocha kwa sababu za kiafya." Tulikaa kama familia, tukaisoma, tukaikataa. Dada yangu alikula kiapo cha kupima uzito wa kweli, na sisi hatutamzika kwa kipimo cha uongo. Kwa hiyo leo nitataja tarehe nyingi. Naomba mzisikilize vizuri, maana kuna mtu hapa ambaye tarehe hizi zinamhusu sana.

Marehemu alizaliwa Jumatatu, tarehe 14 Machi 1966, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa baba yetu mwashi na mama yetu mshonaji. Tulikaa vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Ukuta wa kiwanda ndio uliokuwa mwenzake wa kwanza wa mchezo. Alikuwa akiupiga mpira wa matambara pale kuanzia akitoka shule mpaka mlinzi anachoka na kutoka nje. Siku moja mlinzi akamwambia, "Wewe mtoto, ukuta huu una mwenyewe." Akamjibu, "Na mpira huu una mwenyewe." Mama alipopelekewa habari alimpa makofi mawili, moja la mpira na moja la mdomo. La mpira halikusaidia kitu, na la mdomo ninyi wenyewe ni mashahidi.

Alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1973 hadi 1979, kisha sekondari ya bweni ya wasichana, 1980 hadi 1983. Huko aliingizwa katika timu ya mpira wa wavu mwaka wake wa kwanza, akapewa jezi namba kumi na moja, akawekwa benchi. Mwalimu wa timu alimwambia, "Subiri zamu yako." Wahenga walisema ngojangoja huumiza matumbo, naye aliumwa tumbo hilo kwa miaka minne. Alihesabu mechi arobaini na moja, na hakuingia hata moja. Siku ya kumaliza shule alirudisha jezi ikiwa na mikunjo ileile aliyoipokea nayo. Hakulia. Alikasirika, na hasira ile aliitunza vizuri kuliko vyeti vyake.

Tarehe 1 Septemba 1986 aliajiriwa kuwa karani wa mizani ya malori kwenye barabara kuu, na alikaa katika kile kibanda cha dirisha moja hadi alipostaafu tarehe 31 Machi 2021. Madereva walimwita Hapiti. Ulikuwa unaweza kumsalimia, ukamsifia kitambaa chake, ukamtajia mjomba wako aliye wizarani. Atakuitikia kwa adabu zote, atasoma namba kwenye mizani, na kama uzito umezidi, hapiti mtu. Wakubwa wawili walijaribu kumhamisha kwa sababu hiyo. Wao ndio waliohama.

Dereva mmoja aliyekuwa amebeba saruji aliwahi kushushiwa pale mifuko kumi na miwili, kwenye jua la saa saba, huku akitukana kimoyomoyo na pengine kwa sauti. Kesho yake alirudi na lori lenye uzito halali mpaka kilo ya mwisho, akashuka, akavua kofia, akasema, "Leo umenikuta sina kosa, kwa hiyo nimekuja kusalimia tu." Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 20 Aprili 1991. Ndiye shemeji yangu aliyeketi pale mbele. Mungu aliwajalia mtoto wa kiume na wa kike. Shemeji husema kwamba kwa miaka thelathini na minne ya ndoa hajawahi kupitisha hata kisingizio kimoja.

Timu ya wasichana wa klabu aliipokea mwezi Februari 2003. Wanaojua mpira wa wavu wanisamehe, nawaeleza wengine. Uwanjani wanasimama sita, na kila timu inapoupokonya mpira kutoka kwa wapinzani, wote sita wanasogea nafasi moja, kuzunguka, ili kila mmoja afikiwe na zamu ya kwenda nyuma ya mstari na kuanzisha mpira. Kochi, kama walivyomwita wachezaji, alikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyemshinda kwayo. Mchezaji akifikiwa na zamu ya kuanzisha mpira, hatolewi. Awe hodari, awe anatetemeka, ataanzisha. Na mpira ukipotea, Kochi alikuwa na neno lake la siku zote: "Ukianguka tunauokota." Kwa sheria hiyo alichukua kombe mara nne katika misimu ishirini na miwili, na mara kumi na nane hakulichukua. Yote mawili aliyaandika kwenye daftari lake kwa wino mmoja.

Sasa nafika kwenye fainali ya Jumamosi, tarehe 7 Desemba 2024, ambayo baadhi yenu mngependa niiruke. Ilikuwa seti ya tano. Tulikuwa nyuma, kumi na tatu kwa kumi na nne, na zamu ya kuanzisha ikamfikia Namba Tisa, msichana wa miaka kumi na sita ambaye siku hiyo alikuwa tayari amepiga mipira miwili wavuni. Mwenyekiti wa kamati alitoka kwenye kiti chake akaja mpaka benchi.

"Mtoe huyo. Mwingize Nne," akasema.

"Mwenyekiti, kaa," Kochi akamjibu. "Wewe bado hujapewa jezi."

Namba Tisa alipiga. Mpira ulivuka wavu vizuri kabisa, ukaenda ukaanguka nje ya mstari kwa upana wa kiganja. Kombe likaondoka. Kochi aliingia uwanjani, akauokota mpira mwenyewe, akampa Namba Tisa aubebe mpaka kwenye gari.

Alhamisi, tarehe 12 Desemba, alipokea barua ya kuachishwa ukocha. Ilisema kwamba akiandika kukiri kosa lake atafikiriwa upya. Aliigeuza barua ileile, akaandika nyuma yake maneno matatu, "Zamu ilikuwa yake," akairudisha kwa mkono. Kwa hiyo hakupumzika, ndugu zangu. Alifukuzwa. Mnaonitazama kwa jicho kali mnaweza kuendelea, mimi nimezoea macho ya dada yangu, na yale yalikuwa makali zaidi.

Kufukuzwa alikubeba kama mtu anayebeba ndoo aliyoizoea. Kilichomuuma ni maneno yaliyofuata mtaani. Mwezi Januari alipoanza kuonekana anapumua kwa shida akipanda ngazi, watu walianza kusema kwamba ile fainali ndiyo iliyomvunja moyo. Wakasema yule mtoto amemtia Kochi ugonjwa. Walisema dukani, walisema kisimani, na mmoja alimwambia mtoto mwenyewe machoni. Msichana akaacha mpira, kisha akawa hatoki nyumbani isipokuwa kwenda shule. Wiki hii, baada ya msiba, nimeyasikia tena maneno hayo nyumbani kwetu, kwenye foleni ya kunawa mikono.

Hii ndiyo tarehe niliyotaka muisikie. Marehemu aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa moyo Jumatatu, tarehe 19 Agosti 2024, hospitali kuu, chumba namba sita, mimi nikiwa nimeshika mkoba wake. Daktari alisema moyo umetanuka na hausukumi damu sawasawa, na kwamba umekuwa hivyo kwa miaka. Hiyo ni miezi mitatu na zaidi kabla ya fainali. Alimkataza kupiga kelele, kusimama juani na kupuliza filimbi. Kochi alitii moja tu kati ya hayo matatu. Filimbi aliiweka kabatini, akanunua kengele ya baiskeli, akawa anaipiga kila anapotaka mchezo usimame. Alitukataza mimi na shemeji kumwambia mtu yeyote, asije akaonewa huruma na watoto aliowafundisha kutokuoneana huruma. Wachezaji, ninyi mliicheka sana kengele ile. Mkumbuke wenyewe mlianza kuicheka lini. Ilikuwa Agosti, mkiwa bado hamjafungwa na mtu. Kama kuna anayebisha, cheti cha hospitali kiko kwenye mkoba wangu, na baada ya mazishi nitamwonyesha kwa furaha.

Mwezi Februari mwaka huu marehemu alikwenda nyumbani kwa Namba Tisa. Nilimsindikiza kwa sababu kuna kilima. Tulipumzika mara tatu njiani, na kila mara alidai kwamba ni mimi niliyechoka. Mama wa msichana alitupokea mlangoni akiwa amekunja mikono.

"Mwalimu, niachie mwanangu," akasema. "Amesemwa vya kutosha."

"Sijaja kumsema, mama. Nimekuja kumwambia saa. Jumanne, saa kumi jioni, uwanja wa karakana ya mbao. Aje na viatu."

"Na wakimcheka?"

"Watacheka. Kisha watachoka, na yeye atakuwa bado anapiga."

Msichana alikuwa amesimama nyuma ya pazia la chumbani, vidole vya miguu vinaonekana chini. Jumanne alikuja. Hakuwa na viatu, alisahau kwa woga, akacheza peku.

Basi kocha mnayesema alipumzika alifundisha miezi minane katika uwanja ule wa karakana, akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki kivulini mwa rundo la mbao. Wavu niliushona mimi mwenyewe kwa kamba za magunia, na ulikuwa umepinda upande mmoja kama alivyonikumbusha kila siku. Klabu haikuwatambua, kwa hiyo hapakuwa na ligi wala kombe. Walicheza mechi nane za kirafiki, wakashinda tatu, wakafungwa tano. Nilipokaa naye wodini nilimuuliza anauonaje msimu huo, maana mimi niliuona wa kusikitisha. Aliniangalia kama lori lililozidisha.

"Nina wasichana kumi na wawili," akasema. "Wote wameanzisha mpira katika kila mechi. Tisa amepiga mipira thelathini na nne, amepoteza tisa. Mwanzoni alikuwa anafumba macho. Sasa anaangalia anapopiga. Mimi nilikaa benchi mechi arobaini na moja, hakuna aliyewahi kujua kama nafumba macho. Huu ndio msimu wangu bora, na usiniandikie vingine."

Sijaandika vingine.

Alilazwa Jumapili, tarehe 2 Novemba. Siku ya tano aliniambia nichukue kalamu, akanitajia watakaobeba jeneza lake. Wachezaji sita, watatu kila upande. Kila wanaposimama kupumua, wazunguke nafasi moja, ili asiwepo wa kubeba upande wa kichwani, ulio mzito, njia nzima. "Na Tisa aanzie kichwani," akasema. "Msimweke nyuma kwa huruma." Nilipoleta habari hizo nyumbani, ami yetu, ambaye namheshimu, alisema wasichana watalidondosha. Nilimjibu kwamba likidondoka tutaliokota. Akacheka, na tangu hapo ndiye anayewasimamia.

Marehemu alifariki Jumanne, tarehe 11 Novemba 2025, saa nane na dakika kumi mchana, kitanda cha dirishani, akiwa na miaka hamsini na tisa. Shemeji alikuwa amemshika mkono wa kulia na mimi wa kushoto. Nilimpenda mno, na nina hasira kwamba nimebaki bila mtu wa kuniambia wavu umepinda.

Ameacha mume, watoto wawili, wakwe wawili, wajukuu watatu, kaka mmoja, na wadogo zake wawili nikiwamo mimi. Ameacha kengele ya baiskeli, ambayo Namba Nne ameiomba na familia imekubali. Ameacha wasichana kumi na wawili ambao Jumanne ijayo, saa kumi jioni, watakuwa pale karakana kama kawaida. Wajumbe wa kamati mnakaribishwa kutazama. Benchi lipo.

Hakupumzika tarehe 12 Desemba. Amepumzika tarehe 11 Novemba, na aliyempumzisha ni Mungu, si kamati. Kwa Mungu hatuna rufaa, tunamwomba tu ampe amani aliyoistahili.

Tisa, mwanangu, njoo mbele ushike kichwani. Ni zamu yako.