Jina Lililobaki Mkia

Kijiwe chetu ni benchi moja lenye mguu mfupi, limeegemea kibanda changu cha viatu, mkabala na geti la nyuma la hospitali. Huo mguu mfupi nimeuinua kwa soli ya kiatu ambacho mwenyewe hakurudi kukichukua, na Mungu anajua nilimsubiri. Asubuhi muuza kahawa akitua birika lake tunakuwa watatu: mimi fundi viatu, Waziri, aliyestaafu utarishi lakini huongea kama jana tu ametoka kikaoni na wakubwa, na Kinyozi, ambaye hafungui saluni mpaka ashibe maneno. Siku hiyo alikuwepo wa nne, binti wa dada yangu, anayeandika programu za kompyuta humo hospitalini. Ana umbo dogo na huwaka upesi, ndiyo maana kijiwe kinamwita Kiberiti. Mchana alikuwa anatakiwa ofisini kwa Mganga Mkuu, na sote tulijua sababu: programu yake mpya ilikuwa inatoa majina ya wagonjwa yakiwa nusu.

— Mimi jana nimekaa dirisha la dawa mpaka nikafa ganzi huku chini, alisema Kinyozi. Kumbe wananiita tangu nimefika. Wanaita mkia wa jina langu. Kichwa hakipo.

— Ungeitikia mkia, alisema Waziri.

— Mkia ni jina la mtu mwingine, mzee. Niitikie nipewe vidonge vya wajawazito?

— Pole, kaka, alisema Kiberiti.

— Pole haishushi presha, mdogo wangu.

— Najua. Na kinachoniumiza ni kwamba hayakatiki yote. Yangekatika yote ningeshajua tatizo. Mengi yanatoka mazima, halafu hapa moja, kule moja, limebaki mkia.

— Si urudishe ile programu ya zamani? aliuliza Waziri. Mganga Mkuu anataka hivyo, nimesikia mwenyewe kwa mlinzi.

— Sirudishi.

Alilisema neno hilo akiwa anapuliza kahawa, bila kututazama. Nikaona nimsaidie kwa kumuuliza ile ya zamani ilikuwa na ubaya gani.

— Mjomba, ile ilikuwa inameza faili zima la wagonjwa kwa mkupuo, mwanzo hadi mwisho, ndipo ianze kumtafuta mtu mmoja. Faili likanenepa, mashine ikavimbiwa, ikaganda. Dirisha la dawa likafungwa mchana kutwa. Umemsahau yule mama mwenye mtoto wa pumu? Alilia hapa hapa ulipokaa.

Sikumsahau. Nilimpa maji, sikuwa na kingine.

— Na yako haimezi? aliuliza Kinyozi.

— Yangu imekaa mlangoni. Faili linapita mbele yake kama watu wanavyopita hapa barabarani. Kila jina limewekwa kati ya alama mbili, moja ya kufungua, moja ya kufunga. Ikipita ya kufungua, programu inashtuka, jina linakuja. Maneno yakifika, inaandika. Ikipita ya kufunga, inageukia kinachofuata. Haibebi mzigo wowote mgongoni. Hata faili liwe refu kama barabara ya lami, mashine haichoki.

— Yaani imekaa kama sisi, alisema Waziri. Kazi yake kutazama wapita njia.

— Kama nyinyi, mzee. Ila yenyewe haisengenyi.

Kinyozi aliweka kikombe chini, akakunja mikono ya shati. Hapo nilijua tumekwisha.

— Mimi nitakwambia tatizo lako. Ni joto. Mashine yangu ya kunyoa ikipata moto haikati tena, inang'oa. Na hiyo yako ikipata moto inang'oa majina.

— Yanakatika hata alfajiri, kaka, chumba kikiwa baridi.

— Basi ni umeme. Unakuja nusu.

— Acheni utoto, alisema Waziri. Hiyo ni siasa. Kuna mkubwa anayepunguza wagonjwa ili hospitali ionekane imeponya watu. Mimi nilibeba mafaili miaka na miaka. Faili linaingia ofisini nene, linatoka jembamba, na ukiuliza unaambiwa upeleke chai.

— Idadi ya wagonjwa iko pale pale, mzee. Zilizopungua ni herufi.

— Ndivyo wanavyoanza. Wanaanza na herufi.

Nami sikukaa kimya. Mungu anisamehe, kukaa kimya ni jambo ninaloliombea kila siku na bado sijajaliwa. Nikasema wazazi wa siku hizi wanawapa watoto majina marefu kama mikufu, mashine imechoka.

— Jina la Kinyozi ni refu? aliuliza Kiberiti.

— Fupi, nikakiri.

— Haya.

Waziri alikuwa bado hajamaliza. Akasogea mbele, benchi likalia.

— Jiulizeni, vichwa vya majina viko wapi? Haviwezi kupotea hewani. Viko mahali, vimekusanywa. Vinaungwa na mikia mingine, wanatokea watu wapya ambao hawana mama wala baba. Mtakuja kuwaona kwenye foleni, wamevaa suti zinazofanana.

— Wananyolewa wapi hao? aliuliza Kinyozi. Maana kwangu hawajapita.

Hata muuza kahawa alicheka. Kiberiti hakucheka. Alikuwa anatazama geti.

— Mchana wakikwambia rudisha ya zamani, utasemaje? nikamuuliza.

— Nitasema hapana.

— Watakuondoa kazini, mwanangu.

— Waniondoe. Kidole changu hakitabonyeza. Anayetaka kuirudisha airudishe mwenyewe, kisha akae dirishani awatazame watu usoni siku itakapoganda tena.

— Mama yako alikuwa hivi hivi, nikasema. Ukimsukuma ukutani anausukuma ukuta.

— Mjomba, nikirudisha nitakuwa nimesema njia hii ni mbovu. Njia si mbovu. Kuna mahali nimekosea na sijapaona. Hayo ni mambo mawili.

— Na usipopaona kabla ya mchana?

— Nitaingia hivyo hivyo.

Ndipo akatokea mtu mmoja mgeni, anapandisha mtaa na boksi begani, shati limemganda mgongoni. Alisimama mbele yetu akihema.

— Jamani, habari za hapa. Naulizia hospitali...

Akasita avute pumzi. Hatukumpa nafasi, na nakiri wa kwanza kufungua mdomo nilikuwa mimi.

— Umefika, ndugu yangu, ndiyo hii.

— Lakini si geti hili, alidakia Waziri. Zungukia mbele, mwambie mlinzi umetumwa na mimi.

— Na ukifika usikae mbali na dirisha, alisema Kinyozi. Sikiliza mkia wa jina lako.

Mgeni alituangalia mmoja mmoja. Akalishusha boksi chini taratibu. Ndani yake jogoo akakohoa.

— Ya mifugo, alisema. Naulizia hospitali ya mifugo.

Hakuwa amekasirika, aliuliza kama mtu anayetaka kuelewa kweli.

— Sasa nyinyi mlijuaje kwamba nimemaliza?

Kinyozi akaanza kukagua kucha zake. Mimi nilisikia maneno, nikajibu, basi. Kikombe cha Kiberiti kilikuwa mdomoni, kikabaki pale pale.

— Hawakujua, alisema hatimaye. Maneno yamefika, wakakimbia nayo. Na mimi nimefanya hivyo hivyo.

— Wewe hukusema kitu, alisema Waziri.

— Kwenye programu, mzee. Faili haliingii lote kwa pamoja, linachotwa kidogo kidogo, kama kahawa hii kwa vikombe. Jina likiangukia ukingoni mwa kikombe, nusu inakuja na hiki, nusu na kile. Hata liwe fupi. Mimi nusu ya kwanza ikifika naandika. Nusu ya pili ikifika naandika juu yake. Nimefuta kichwa kwa mkia. Na alama ya kufunga ilikuwa haijapita bado. Nilitakiwa nikusanye tu, nikusanye, mpaka nione imefungwa, ndipo niandike.

— Kwa hiyo hakuna siasa, alisema Waziri, sauti imemshuka.

— Kwa hiyo ni wewe uliyenikalisha pale, alisema Kinyozi.

— Ni mimi. Nisamehe, kaka.

Kinyozi alishusha mikono ya shati aliyoikunja.

— Kurekebisha ni kazi kubwa?

— Mistari michache.

— Basi kaitengeneze kimya kimya, alisema Waziri. Mchana ukiulizwa, sema ni mashine. Mashine haibishi.

— Nitasema ni mimi. Kosa ni langu, nalibeba mbele ya Mganga Mkuu na mbele ya yeyote atakayekuwepo. Njia siiachi.

Alisimama, kahawa akaiacha nusu. Nikamwambia amalizie, mchana bado uko mbali.

— Ndiyo maana naenda sasa, mjomba.

Akavuka barabara, akapita getini bila kumngoja mlinzi amuulize kitu. Tulibaki tunalitazama geti. Mgeni naye alikuwa bado amesimama, amelipandisha boksi begani upya, anahema.

— Sasa hiyo hospitali ya mifugo...

Tukafunga midomo yote mitatu. Waziri alijishika kidevu kwa nguvu. Tukangoja.

— ...iko wapi?

Tukangoja tena kidogo, kuhakikisha. Alikuwa amemaliza. Na kijiwe kizima hakuna aliyejua iliko.