Mgongo wa Mama Bertin

Wasikilizaji wapendwa, kaeni kidogo na redio yenu. Leo tunamkumbuka Godelieve, Mama Bertin, muuza ndakala, wale dagaa wa ziwa letu, katika soko la Baraka. Alizikwa Alhamisi. Alikuwa na miaka sitini na miwili. Cheo hakuwa nacho. Alikuwa na mgongo.

Kazi yake ilikuwa hii. Shirika likibandika tangazo la kazi, wanawake huja kufanya mtihani, na wengi huja na mtoto mchanga. Mlangoni wanaambiwa: mtoto haingii. Hapo Godelieve aliwaachia majirani ndakala zake, akaenda kukaa chini ya ukuta wa ofisi, akawabebea watoto mpaka mtihani uishe. Miaka ishirini. Hakuna aliyemtuma.

Mlinzi mmoja alizoea kumtania.

"Mama Bertin, leo uko na bangapi?"

"Batatu. Ukichoka kusimama, kuya, nikubebe na we."

Asubuhi ukungu unapolala ziwani, milima ya Ubwari huonekana kama inaelea. Godelieve aliitazama, mtoto amelala mgongoni. Alisema uzito wa mtoto aliyelala unakuingia polepole, mpaka hujui ni nani anamlaza mwenzake. Basi naye alisinzia. Usingizini aliwaona watoto wale wote wamekuwa wakubwa, wanapita juu ya maji wameshika viatu mikononi, na hakuna aliyelowa.

Sasa sikilizeni habari ya Joselyne. Joselyne ni Mrundi wa kambi ya wakimbizi ya Lusenda. Kwao alijifunza umeme. Hapa alilima mashamba ya watu, leo kuna kazi, kesho hakuna. Miaka sita iliyopita mradi mmoja wa maji ulitafuta fundi wa pampu. Mkataba wa kudumu, mshahara kila mwezi, nafasi moja. Joselyne alikuja na mwanawe Libère, wa miezi minne. Na sheria ilikuwa kali: anayetoka kabla ya kumaliza harudi ndani.

Mtihani ulianza saa mbili. Saa nne Libère akaamka na njaa, akaanza kulia. Dirisha la chumba cha mtihani lilikuwa wazi, hatua kumi tu. Godelieve hakungoja. Alikaza kitenge, akateremka na mtoto mpaka ufukweni, mbali, mahali ambapo maji humeza kila sauti.

Joselyne alipotoka, ukutani hapakuwa na mtu. Hakuna mama, hakuna mtoto. Wewe uliyewahi kukimbia nchi yako, unajua aliwaza nini. Alikimbia akiuliza kila aliyempita. Aliwakuta kati ya mitumbwi. Libère alikuwa ananyonya kwa Félicité, mke wa mvuvi, mwenye mtoto wa umri uleule. Kwetu mtoto mwenye njaa haulizwi kabila.

Joselyne alimnyang'anya mtoto.

"Umeniibia mutoto, mama. Nilikuwa nakufa."

"Ungesikia analia, ungefanya nini?"

"Ningetoka."

"Ungetoka," Godelieve akasema. "Na mi nilitoka."

Félicité ndiye aliyesema, "Bamama, gombaneni pole pole. Huyu hajashiba bado."

Joselyne akakaa mchangani, akamnyonyesha mwenyewe. Machozi yalimwangukia mtoto kichwani.

Kazi aliipata. Nasema tena, aliipata. Hadi leo yeye ndiye fundi wa pampu.

Bertin, mtoto wa kwanza wa Godelieve, ameniambia hivi: "Mama alisoma ukarani. Mu mtihani wake alisikia mutoto analia inje, akatoka. Bakafunga mulango. Ule mutoto ilikuwa mi. Hakuniambiaka hata siku moja. Nilisikia kwa Joselyne, ku kilio; ye Mama alimwambiaka."

Kwa Bertin, kwa dada zake Rosette na Clarisse, kwa ukoo wote na wenzake wa sokoni, tunasema poleni sana. Mungu awashike mkono.

Na wewe unayeandika matangazo ya kazi. Mimi shule niliiacha mapema, lakini swali hili naliweza: mama akifika mlangoni na mtoto, unataka amweke wapi? Jibu kwanza, kisha ubandike karatasi yako.

Wasikilizaji wapendwa, Jumatatu saa mbili kuna mtihani mwingine hapa Baraka. Nani anakwenda kubeba?