Sauti Iliyoshuka Ubeti wa Tatu

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu. Leo tunamkumbuka fundi saa aliyefundisha kwaya kwa miaka thelathini na minne. Tulimzika Alhamisi. Wengi mlimjua kwa jina la utani tu, Sikio.

Jina hilo alilipata kazini. Kibanda chake kilikuwa na meza moja, koleo ndogo na kopo la vioo vya saa. Mteja akileta saa, mzee haifungui kwanza. Anaiweka sikioni, anafumba macho, kisha anasema, "Hii ilianguka. Nawe ukaificha kwenye droo mwaka mzima." Mteja anakiri.

Kanisani alikuwa vivyo hivyo. Waimbe watu arobaini, mmoja akipotea, Sikio anamjua. Wanakwaya walimpenda, na walimwogopa. Tusifichane, alikuwa anajisikia. Mwenyewe alikuja kulisema hilo.

Sasa, kulikuwa na wimbo mmoja uliomnyima raha. Kila wakifika ubeti wa tatu, sauti ya pili inashuka. Yeye mwenyewe alikuwa akiimba sauti hiyo ya pili ili kuwaongoza. Siku moja akasimamisha kwaya, akamnyooshea kidole dada yake mdogo, wa tumbo moja. Akamwambia mbele ya wote, "Wewe ndiye unayetuharibia. Kakae na waumini."

Dada akavua joho, akalikunja, akaenda kukaa benchi la mwisho karibu na mlango. Miaka kumi na mmoja, wasikilizaji. Miaka kumi na mmoja hakuimba tena. Nyimbo zikianza anafungua kitabu, anatazama tu. Salamu za kaka yake alizipokea, na mezani walikula pamoja. Lakini kuimba, hapana.

Ndipo sisi wa redio tukaenda kuirekodi ile kwaya. Fundi mitambo wetu aliweka maikrofoni nne, moja mbele ya mwalimu. Wiki iliyofuata Sikio akaja hapa studioni kusikiliza. Ubeti wa tatu ukafika. Sauti ya pili ikashuka. Dada hakuwemo, na bado ikashuka.

"Nani huyo?" akauliza.

Fundi wetu akazima sauti ya maikrofoni moja baada ya nyingine, ikabaki ile ya mbele. "Ni wewe, mwalimu," akasema. Kisha akamwonea huruma. "Ila naweza kuifuta. Hakuna atakayejua."

 Sikio alituhadithia baadaye kwamba aibu ilimpata, lakini hofu ilikuwa kubwa zaidi. Kila Jumapili alikuwa akitubu. Naam, lakini tunatubu wote kwa pamoja, na katikati ya watu wengi ni rahisi kujiita mwenye dhambi. Sasa alikuwa na kosa moja, la kwake peke yake, lenye mwaka na siku. Na mtu aliyelibeba alikuwa amekaa karibu na mlango.

"Usifute," akasema. "Nipe hiyo kanda."

Jumapili aliipiga mbele ya kanisa zima. "Mnayemsikia akipotea ni mimi," akasema. "Mdogo wangu nilimtoa kwa kosa langu." Akatembea mpaka benchi la mwisho, akaomba msamaha.

Dada yake ametusimulia mwenyewe. "Nilimwambia, kaka, nilijua tangu siku ile. Nilikuwa nasimama mbele yake. Akaniuliza, mbona hukusema? Nikamjibu, ungenisikia?"

Hakumkumbatia siku hiyo. "Sikuwa tayari," anasema. Alirudi kwenye kwaya baada ya wiki tano. Sikio akampanga mbele yake kabisa, akampa kazi. "Nikianza kushuka, inua kidole," akamwambia.

Na ikawa hivyo miaka yote iliyobaki. Watu wote wakiona, kidole kinainuka, na mwalimu anapanda. Wanakwaya wapya aliwaambia siku ya kwanza, "Mimi hupotea ubeti wa tatu, msinifuate." Sisi tulioshuhudia tulikuwa tukitazamana tu. Mtu mwenye sikio lile, akiongozwa na kidole cha dada yule yule aliyemfukuza. Nimefanya kazi hii miaka mingi, na sijaona jambo lililonishangaza kuliko hilo.

Kwa mjane wake, kwa watoto, kwa kwaya, na kwako dada, poleni sana. Mungu awashike mkono. Nasi tuliobaki, kila mmoja na amfikirie mtu aliyemketisha karibu na mlango.

Mzee aliacha neno kwa mkewe, kwamba akifa, ile kanda ipigwe redioni ilivyo, kosa likiwemo. Ndiyo hii mnayoisikia. Dada yake yuko nami hapa studioni, amevaa joho lake. Ubeti wa pili unaisha. Huu sasa ni wa tatu.

Ameinua kidole.