Giza la Salamu Maria Kumi

Kijiwe chao ni benchi moja la mbao mbele ya depo, duka la jumla la Nzanzu, pale Makomeno, mtaa wa watu wa reli. Ikifika saa nane mchana Mama Clotilde, muuza kahawa, anapanga vikombe, na kabla kahawa ya kwanza haijapoa Clément na Chola wameshashikana kwa maneno. Clément wanamwita Dokta kwa sababu zamani alibeba machela hospitalini. Chola ni Avoka, yaani wakili, maana hajawahi kushindwa kesi ambayo hakuitwa. Wa tatu ni Constantin, Opérateur, mzee wa maneno machache, ambaye ujanani alikuwa akionyesha sinema kwenye sale, ukumbi wa parokia. Siku hiyo hakugusa kikombe chake. Jemima, binti wa Clotilde, alikuwa ametuma diski kutoka Ubelgiji: ile filimu yao ya kasri waliyoitazama ujanani, imetolewa upya, picha zimesafishwa zinang'aa. Nzanzu, mfanyabiashara wa Butembo aliyehamia mtaani na kuinunua depo mwezi uliopita, alikuwa ndani akitafuta waya wa televisheni. Na kwenye boksi la diski, yule bwana wa kasri alikuwa amekenua meno, yanachuruzika damu.

— Hii aiko filme yetu, akasema Chola. Ya kwetu ilikuwa ya muntu wa kufiwa bibi, mke wake. Anabakia peke yake mu château, na ile ma-bougies yote inawaka.

— Njo yeye, akasema Clément. Angalia manteau, ile koti murefu. Ile damu ni bugonjwa ya meno. Pa hospitali tuliona bengi. Ni kukosa matunda.

— Na kulala mu sanduku? Iko matunda pia?

— Iko juu ya kuogopa panya.

— Apana, Dokta. Yule alikuwa wa poste ya usiku. Muntu analala muchana, anaamuka jua ikishaingia, uso mweupe pe! Ni mutumikaji wa chini ya udongo, wa mugodi.

— Mutumikaji mwenye château?

— Basi ni mutumbula! Bale bazazi yetu banatutishaka nabo: ukipita njia peke yako banakukamata, banakunyonya damu. Bahenga banasema damu ni muzito kupita mayi. Njo maana mwenye njala anachagua damu!

Clotilde akamwongezea Chola kahawa ili anyamaze.

— Mi nilimulilia ule bwana, akasema. Kama alikuwa mutumbula, basi nililia bure.

Na kweli alimlilia, yeye na mtaa mzima. Msimu mmoja wa mvua, enzi za Zaïre, bobini za filimu nyingine hazikufika, basi sale ikarudia filimu hiyo hiyo Jumapili saba mfululizo. Velveti nyekundu, mishumaa mia, ngazi za marumaru. Lakini kila yule bwana alipoinamia shingo ya msichana, mompere, padri wa parokia, alidhani ni busu. Alikohoa, akatoka nje kuvuta kiko ili kulinda macho yake, na Constantin akafunika lenzi kwa bereti. Amri ilikuwa Salamu Maria moja, kisha afunue. Hivyo Makomeno hawakuona jino hata moja. Waliona mwanamume mpole, mpweke, mwenye bahati mbaya ya kupenda wanawake wanaougua, na alipogeuka majivu mwishoni wakavua kofia.

Ila Constantin hakusali moja. Rafiki yake Gérard, walikuwa chanda na pete, alimjia Jumapili ya kwanza.

— Ndugu, leo nitaikala pembeni ya Clotilde. Unipatie giza kidogo.

Constantin naye alimpenda Clotilde. Alimpenda hadi ugali ulimshinda. Lakini Gérard alitangulia kusema, na aliyetangulia katangulia. Akasali mbili, akasali tano. Jumapili ya saba alisali kumi, bereti inanuka kuungua, na alipoitoa akaona mikono ya Gérard na Clotilde imeshikana safu ya tatu. Walifunga ndoa baada ya Pasaka. Gérard alifariki miaka miwili iliyopita, na tangu hapo Constantin hakosi kwenye benchi. Sasa diski itaonyesha jambo lile la shingoni lilichukua muda gani hasa. Clotilde atajua kwamba bahati yake ilipangwa na vijana wawili, na atauliza huyo wa pili alikuwa anatafuta nini. Jibu hilo Constantin hajalitoa hata mbele ya padri.

Nzanzu akaweka televisheni mlangoni, kivulini. Picha ikaja. Hakuna aliyetafuna. Yule bwana akashuka ngazi, akainama, akauma, akainuka.

— Ni hii tu? akauliza Chola.

Clément aliangalia saa yake.

— Segonda tatu.

Filimu ikaendelea. Msichana akamweleza dada yake kila kitu, akamwonyesha vidonda viwili shingoni. Chola akaruka.

— Hii yote atukuionaka! Siye tulikuwa mu giza!

Nzanzu akainua mkono kama mtu aliye mkutanoni.

— Baba Opérateur, unisamehe, mimi niko mugeni. Mulinielezaka mompere aliomba Salamu Maria moja, na kitu yenyewe ni segonda tatu. Sasa kwa nini giza yako ilikuwa murefu vile?

Dokta na Avoka wakageuka kumtazama Opérateur.

— Gérard alikuwa polepole, akasema Constantin.

— Miaka makumi ine na tano ninabishana juu ya bugonjwa ya ule bwana, akafoka Clément, kumbe mugonjwa alikuwa Gérard!

Clotilde alisimamisha picha. Hakuonekana kushangaa.

— Najua, akasema. Gérard alinielezaka mbele ya kufa. Alisema: Constantin njo alinipatia ile giza, na ye pia alikuwa anakupenda. Alisema umungoje, atasema mwenyewe. Miaka mbili, Constantin! Unakunywa kahawa, unasema merci, unaenda. Njo nikaomba Jemima atafute hii filme.

Macho ya Constantin yalijaa machozi, naye hakujificha.

— Niliogopa, mama. Bibi ya rafiki ni bibi ya rafiki.

— Na rafiki akishakutuma?

Constantin alisogea kidogo kwenye benchi, akaacha nafasi, na Clotilde akaja kuikalia. Katika miaka yote ya kuuza kahawa hapo hakuna aliyewahi kumwona ameketi.

Chola, ambaye hajui wakati wa kuondoka, akanyoosha kikombe.

— Kahawa imeisha, akasema Clotilde.

Alipoiweka thermos chini, wote walisikia kahawa ikicheza ndani. Clément akamshika Chola mkono, Nzanzu akakumbuka ana mzigo wa kupanga ndani ya depo, na kwa mara ya kwanza kijiwe kilivunjika kabla ya saa tisa.